Chipu inayosikia namba: Ijue kabla ya kufunga pampu inayowashwa kwa simu

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa vitunguu saumu wa Bashay au Dongobesh, wilayani Mbulu, mara nyingi anajua vizuri lini shamba linahitaji maji. Kinachomchosha ni miguu. Shamba liko bondeni, nyumba iko juu mlimani, na swichi ya pampu imo kwenye kibanda cha kisimani kilichofungwa kufuli.

Wilaya jirani ya Hanang nako jumuiya za maji za vijiji zinaijua shida hiyo. Kisima kirefu kiko upande huu, tenki liko juu kule, na mwangalizi wa pampu anatembea kutwa kati ya viwili hivyo, kuwasha asubuhi na kuzima tenki linapojaa.

Ndiyo maana fundi akija na kijisanduku kinachowasha pampu kwa simu, watu humsikiliza. Unapiga simu ukiwa nyumbani, simu iliyoko kisimani inajipokea yenyewe, unabonyeza namba na pampu inawaka. Unabonyeza nyingine, inazima.

Wapo wanaodhani ni mtandao wa simu unaowasha pampu. Sivyo. Mtandao unafikisha mlio tu. Anayeusikiliza mlio huo na kuamua kuwa ni namba fulani ni chipu moja nyeusi yenye miguu 18, urefu wake kama sentimita mbili, ambayo mafundi wa redio na simu huiita aisii kama wanavyoziita zote za jamii yake.

Kabla hujatoa fedha yako kununua kijisanduku hicho, ni vema uelewe jambo moja kuhusu chipu hiyo. Inaitambua namba, lakini haimtambui mtu aliyebonyeza. Hasara nyingi zinaweza kuanzia hapo, na jambo hilo linamgusa hata mwenye duka asiye na pampu, ilimradi ana namba ya siri ya kutolea fedha kwenye simu.

Kibonyezo kimoja, sauti mbili

Wazee waliowahi kutumia simu za ofisini za zamani wanakumbuka zile za kuzungusha. Ulitia kidole kwenye tundu la namba, ukazungusha kisahani, ukaachia. Kisahani kiliporudi kilikata umeme wa waya mara kadhaa: namba 3 mara tatu, namba 9 mara tisa, na sifuri mara kumi. Mitambo ya simu ilihesabu mikato hiyo.

Kazi ilikwenda polepole. Kibaya zaidi, mikato ile haikuweza kupita kila mahali ambapo sauti ya mtu hupita.

Novemba 18, 1963, kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kuwapa wateja wa miji ya Carnegie na Greensburg, jimbo la Pennsylvania, simu za vibonyezo. Badala ya kukata umeme, kila kibonyezo kilitoa mlio, na mlio husafiri popote maneno yanaposafiri. Simu za mwanzo zilikuwa na vibonyezo 10 tu. Nyota na reli viliongezwa mwaka 1968.

Kitazame kitochi chako. Namba zake zimepangwa katika mistari minne ya kulala na safu tatu za kusimama. Kila mstari una sauti yake nzito. Mstari wa 1, 2 na 3 una sauti ya mitetemo 697 kwa sekunde. Wa 4, 5 na 6 una 770. Wa 7, 8 na 9 una 852. Na wa chini kabisa, wenye nyota, sifuri na reli, una 941.

Kila safu nayo ina sauti yake nyembamba. Safu ya kushoto, inayoanza na 1, ina mitetemo 1,209 kwa sekunde. Ya katikati ina 1,336. Ya kulia ina 1,477.

Ukibonyeza 5, sauti mbili hulia kwa pamoja: 770 ya mstari wake na 1,336 ya safu yake. Hakuna kibonyezo kingine chenye jozi hiyo. Ni sawa na kumwelekeza mgeni kibanda chako siku ya mnada. Ukimtajia mstari peke yake atazunguka hadi jioni, lakini ukimtajia mstari na safu anafika moja kwa moja.

Ipo pia safu ya nne, yenye mitetemo 1,633 na herufi A, B, C na D. Simu zetu hazina safu hiyo. Jeshi la Marekani liliitumia kuonyesha simu ipi ipitishwe kwanza. Chipu inaielewa, na tutaikuta tena kidogo huko mbele.

Kwa nini sauti mbili na si moja? Kwa sababu njia hiyo hiyo inapitisha maneno. Mchungaji wa ng'ombe akipiga mluzi karibu na simu anaweza kugusa kiwango kimoja kwa bahati. Kupiga miluzi miwili kwa mpigo, kila mmoja kwenye kiwango chake, hataweza.

Waliochagua viwango hivyo walikuwa makini pia kwa jambo jingine. Sauti ya binadamu huja na wenzake wa mara mbili na mara tatu ya mitetemo yake, ndiyo maana walihakikisha kwamba katika viwango vile hakuna kilicho mara mbili au mara tatu ya kingine.

Chekeche, saa na mizani

Chipu iliyoenea zaidi kwa kazi hii ni MT8870 ya kampuni ya Mitel ya Canada, nchi ambayo wazee wa Basotu wanaikumbuka kwa matrekta na mashamba ya ngano ya NAFCO miaka ya 1970 na 1980.

Mitel ilianzishwa mwaka 1973 na wahandisi wawili kutoka Uingereza, Michael Cowpland na Terry Matthews. Inasimuliwa kwamba biashara yao ya mwanzo ilikuwa kuagiza mashine za kukatia majani kutoka Uingereza. Mzigo ulichelewa njiani hadi msimu ukapita, nao wakarudi kwenye kazi waliyoijua, yaani vifaa vya kutambua milio ya simu. Mfanyabiashara wa Katesh aliyewahi kusubiri lori la mbolea mpaka mvua zikakatika hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo.

Siku hizi viwanda vingine navyo hutengeneza chipu za aina hiyo, kwa mfano HT9170 ya Holtek ya Taiwan. Kwa hiyo fundi akikuonyesha chipu yenye jina jingine, usikimbilie kusema ni bandia.

Mlio ukiingia kwenye chipu hukutana kwanza na machujio mawili. Yafikirie kama chekeche mbili za kupepetea maharage, moja ikibakiza punje kubwa na nyingine ndogo. Chujio la kwanza hupitisha sauti nzito tu, zile za mistari. La pili hupitisha nyembamba tu, zile za safu. Kati ya 941 na 1,209 upo mwanya mpana ulioachwa makusudi ili makundi hayo mawili yasichanganyike.

Sasa kila upande una sauti moja, na chipu inaanza kuhesabu mitetemo yake. Lakini huwezi kuhesabu kwa sekunde bila saa. Saa ya chipu hii ni kikopo kidogo cha bati kilichofungwa pembeni yake, ndani kikiwa na kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 3,579,545 kila sekunde.

Namba hiyo ilitokana na televisheni za rangi za Marekani. Kwatzi za kiwango hicho zilitengenezwa kwa wingi mno hadi bei ikashuka, nao watengenezaji wa chipu wakaona hakuna sababu ya kuagiza nyingine ya gharama. Ndivyo kipuri cha televisheni kilivyoishia kwenye kibanda cha pampu.

Chipu haidai usahihi wa mia kwa mia. Mlio ukikosea kwa asilimia 1.5 hivi bado unapokelewa, kwa kuwa simu hazilingani. Ukikosea kwa asilimia 3.5 unakataliwa. Fundi akifunga kwatzi ya kiwango kingine kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo dukani, saa nzima inakwenda kombo na chipu haitasikia kitu, hata kama kila waya uko mahali pake.

Hata baada ya kutambua jozi, chipu hii haikimbilii kuamini. Inasubiri. Pembeni yake hufungwa kapasita moja na rizista moja, na mlio unapoendelea volti ya mahali vinapoungana hupanda kidogo kidogo, kama maji ndani ya ndoo iliyo chini ya bomba lenye maji machache. Mlio ukidumu hadi ndoo ijae, namba inakubaliwa. Ukikatika mapema, ndoo inamwagwa na hesabu inaanza upya.

Kwa vipimo vinavyotumika zaidi, yaani rizista ya kiloomu 300 na kapasita ya maikrofaradi 0.1, mlio hutakiwa kudumu takriban sehemu 40 kati ya 1,000 za sekunde. Kidole cha mtu hubaki kwenye kibonyezo muda mrefu kuliko huo. Kelele za upepo na vipande vya maneno kwa kawaida havifikii.

Namba ikishakubaliwa, chipu huitoa kwa waya nne. Hapa mfanyabiashara wa nafaka ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. Ukiwa na mawe manne ya mizani, la kilo 1, la kilo 2, la kilo 4 na la kilo 8, unaweza kupima uzito wowote mzima kuanzia kilo 1 hadi 15. Kilo 5 ni jiwe la 4 na la 1. Kilo 9 ni la 8 na la 1.

Waya nne za chipu ni mawe hayo. Ukibonyeza 5, waya wa 4 na waya wa 1 hupata umeme, mingine miwili haina. Ukibonyeza 7, waya wa 4, wa 2 na wa 1 hupata. Nyota husomwa kama 11, reli kama 12.

Sifuri ndiyo inayowachanganya mafundi wachanga. Wanategemea waya zote nne ziwe kavu, lakini chipu huisoma sifuri kama 10, yaani waya wa 8 na wa 2, kama vile simu ya kuzungusha ilivyokata umeme mara kumi. Waya zote kuwa kavu ni nafasi ya herufi D, ile ya safu ya nne tusiyo nayo kwenye simu zetu.

Upo na waya wa tano wa pembeni. Huo hupata umeme muda wote namba halali inapolia na hukatika kidole kikiachia. Kazi yake ni kuviambia vifaa vinavyofuata kwamba kuna namba mpya ya kusoma. Bila huo, mtu akibonyeza 5 mara mbili, waya nne zile hazionyeshi tofauti yoyote, kwa sababu chipu hushikilia namba ya mwisho hadi ipate nyingine.

Mlio unaoufikiria, na usiokuwepo

Watu wengi wakisikia habari hii husema, "Kumbe ndivyo M-Pesa inavyofanya kazi." Hapana.

Ukipiga *150*00#, au namba ya huduma za Serikali *152*00#, hakuna mlio unaosafiri kwenda popote. Simu yako inatuma ujumbe wa maandishi kwenye njia ya pembeni ya mtandao, na majibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Mlio unaousikia kidole kinapogusa kibonyezo ni wa simu yako mwenyewe, na unaishia hewani hapo ulipo.

Mlio wenye kazi ni ule wa katikati ya maongezi. Umepiga huduma kwa wateja, sauti ya mashine inakwambia ubonyeze 1 kwa Kiswahili, nawe unabonyeza. Upande wa pili kuna kompyuta inayofanya kwa programu kazi ile ile ya MT8870.

Mfumo uitwao Uliza, wa shirika la Farm Radio International lenye ofisi Arusha, umewahi kutumia njia hiyo kwa wasikilizaji wa vipindi vya kilimo. Mkulima anabipu, anapigiwa, anasikiliza swali na kujibu kwa kibonyezo. Hahitaji kujua kuandika wala kuwa na intaneti.

Hata hapo, simu ya mkononi ina ujanja wake. Ukibonyeza namba katikati ya maongezi kwenye mtandao wa simu za kawaida, simu yako haipeperushi mlio kwenda mnarani. Inautumia mtandao ujumbe kwamba kibonyezo fulani kimeshikwa, na mitambo ya kampuni ya simu ndiyo inayotengeneza mlio safi na kuupeleka kwa uliyempigia. Imekuwa hivyo kwa sababu sauti za simu za mkononi hubanwa ili watu wengi watoshe hewani, na mbano huo umepimwa kwa ajili ya maneno ya watu, si milio miwili ya mfululizo.

Basi safari ya kwanza, ya kutoka kwako hadi mitamboni, ni salama. Safari ya pili ndiyo yenye matatizo. Kutoka mitamboni kwenda kwenye simu ya kisimani, mlio unapita kama sauti ya kawaida na unabanwa kama sauti ya kawaida. Kwa kawaida unafika. Lakini kisima kikiwa nyuma ya kilima, mahali ambapo simu inashika mtandao kwa kubahatisha, mlio unaweza kukatika katikati.

Mlio uliokatika katikati chipu huusikia kama mara mbili. Umebonyeza 5 moja, imepokea 5 na 5. Linasikika kama jambo dogo, lakini ndilo linaloamua kama kifaa chako kimefungwa vizuri au vibaya.

Usikubali pampu ifungwe kwenye waya mmoja

Baadhi ya mafundi hutumia namba moja kuwasha na kuzima. Ukibonyeza mara ya kwanza inawaka, mara ya pili inazima. Kwenye mtandao dhaifu ukibonyeza mara moja inawaka na kuzima hapo hapo, au unadhani umezima kumbe imewaka tena. Unalala, pampu inafanya kazi usiku kucha.

Dai namba mbili tofauti, moja ya kuwasha na nyingine ya kuzima. Namba ya kuzima ikisikika mara mbili, pampu imezimwa mara mbili, hakuna hasara.

Kosa baya zaidi ni fundi kuchukua waya mmoja kati ya zile nne na kuupeleka moja kwa moja kwenye saketi ya kuwasha. Inavutia kwa kuwa ni rahisi. Lakini kumbuka mawe ya mizani. Waya wa 1 unapata umeme kwa namba 1, na pia kwa 3, 5, 7, 9 na nyota, kwa kuwa zote zinahitaji jiwe la kilo 1. Mtu aliyekosea namba ya simu, au mtoto anayechezea simu ya mama yake, akibonyeza lolote kati ya hayo sita anakuwashia pampu.

Kifaa kinachofaa kina chipu ya pili nyuma ya ile ya kwanza, yenye programu ndogo inayosubiri namba kadhaa zifuatane kwa mpangilio. Tuseme nyota, kisha tarakimu nne, kisha namba ya amri. Programu hiyo hiyo inaweza kuangalia ni namba gani ya simu inayopiga na kukataa zile isizozijua, kabla hata ya kusikiliza mlio.

Nchini India ambako kazi hii imeenda mbali, Santosh Ostwal wa jimbo la Maharashtra alibuni kifaa kiitwacho Nano Ganesh kwa ajili ya wakulima waliokuwa wakitembea usiku kwenda kuwasha pampu. Mkulima hupiga simu, hutumia namba zake za amri, na huweza kujua kwa simu kama pale kisimani umeme upo. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kuwasha pampu wakati umeme umekatika ni kujidanganya.

Na umeme ukirudi? Chipu haikumbuki kitu baada ya umeme kukatika. Mwambie fundi afunge kifaa ili umeme ukirudi pampu ibaki imezimwa hadi upige tena. Pampu inayojiwasha saa nane usiku baada ya umeme kurudi, kisima kikiwa hakina maji ya kutosha, inaunguza mota.

Chipu pia haijui kama kisimani kuna maji. Haioni, inasikia tu. Kinga ya mota isifanye kazi bila maji, boya la kuzima tenki likijaa, na kinga ya umeme pungufu kwa mota za njia tatu ni vifaa vingine vinavyojitegemea. Fundi asiyevitaja ameacha nusu ya kazi.

Wala chipu haina nguvu ya kuwasha kitu kikubwa. Inatumia volti 5, na umeme wake hautoshi hata kuvuta rilei. Waya wake huamuru transista, transista huvuta rilei, rilei huvuta kontakta, na kontakta ndiyo inayopeleka umeme kwenye mota. Chipu yenyewe ni ya bei ndogo. Fedha yako inakwenda kwenye kontakta, kasha lisiloingiza maji na kazi ya mikono, na hapo usibane sana.

Simu ya kisimani nayo ina masharti yake. Iwe inajipokea yenyewe. Nokia nyingi za zamani hufanya hivyo waya wa kusikilizia masikioni ukiwa umechomekwa, na ndio huo huo unaopeleka sauti kwenye chipu. Laini yake isajiliwe kwa alama za vidole za mwenye pampu au kiongozi wa jumuiya, si za fundi. Anayepiga ndiye anayelipia, lakini laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, hivyo itumie mara kwa mara hata msimu wa mvua.

Kwa wenye mashine za petroli za kuvuta kamba, ambao ni wengi kwenye mabonde yetu, ukweli ni kwamba kifaa hiki hakiwafai kuwashia. Kinaweza kuizima mashine ukiwa mbali, basi. Mwenye pampu ya umeme wa REA au wa jua ndiye wa kufikiria kutoa fedha. Na anayepata maji ya mfereji kutoka skimu yenye bwawa juu yake hana cha kununua hapa.

Namba yako ya siri nayo ni mlio

Turudi kwa mwenye duka asiye na pampu.

Mtu anapiga, anasema anatoka kwenye kampuni ya simu au benki. Haombi umtajie namba ya siri, kwa sababu anajua umeshaonywa. Anasema kwa upole, "Usiniambie, mzee wangu, ni siri yako. Ibonyeze tu kwenye simu ili mtambo uthibitishe." Unaona ni salama kwa kuwa hujatamka neno.

Umeshaitamka. Ulibonyeza katikati ya maongezi, na kila tarakimu imemfikia kama jozi ya sauti. Sikio lake halitaelewa, lakini akirekodi na kuipitisha kwenye chipu hii, au kwenye programu ya kompyuta inayofanya kazi hiyo, tarakimu nne zinatoka kama risiti.

Namba ya siri peke yake haimtoshi bila laini yako. Lakini ni nusu ya ufunguo, na nusu iliyobaki wapo wanaoitafuta kwa kujaribu kurudisha laini ya mtu mwingine. Namba ya siri iandike kwenye menyu uliyoifungua mwenyewe tu, kamwe si kwenye simu uliyopigiwa. Ukipata ujumbe wa kitapeli, upeleke kwenye namba 15040 iliyowekwa kwa ajili hiyo.

Baadhi ya vitochi pia hulia milio hii kwa sauti kila unapobonyeza namba. Ukiwa umesimama na watu, izime sauti ya vibonyezo.

Mwenye pampu anahusika vile vile. Anayesimama karibu nawe ukibonyeza namba za amri kwa sauti kubwa anaweza kuzirekodi na kuzicheza baadaye, naye kisima kitamtii. Usiku mmoja wa Aprili 2017 katika mji wa Dallas, Marekani, ving'ora 156 vya tahadhari ya tufani vililia bila tufani yoyote, baada ya mtu kurusha kwa redio milio inayoviamuru. Ving'ora vile, kama chipu yetu, vilisikia amri sahihi na havikuwa na njia ya kujua nani ameitoa. Ndiyo sababu ya kuzuia namba za simu zisizojulikana, na ya kubadili namba za amri kila msimu na kila kibarua anapoondoka.

Fundi akimaliza kazi, usimlipe kabla ya kujaribu. Atenganishe kwanza mota. Kifaa kizuri kina vitaa vinne vidogo vya waya zile nne, na cha tano cha kuonyesha kuwa namba imesikika. Nenda mahali unapokaa kwa kawaida, siyo pale kisimani, umwache mtu akivitazama. Piga, bonyeza 1 hadi 9 taratibu, kisha sifuri. Kwenye sifuri viwake vya 8 na 2. Kitaa cha tano kiwake mara moja kwa kila namba. Kikiwaka mara mbili kwa namba moja, tatizo ni mtandao au ile kapasita ya kusubiri, na fundi bado ana kazi.